Mmehamia na Fundi Bado Yumo: Dalili za Nyumba Isiyoisha, Chanzo Chake na Tiba

Nyumba inayokaliwa huku ikijengwa huwa na matatizo ya aina mbili. Kuna ya nyumba yenyewe: ukuta haujakauka, zege halijakomaa, mabomba yana mchanga. Na kuna ya mpaka: vumbi la fundi linatua kwenye mto wa kulalia, waya wa drili unapita mlangoni, mtoto anazifikia nondo. Aina ya kwanza dawa yake mara nyingi ni muda na hewa. Aina ya pili haiishi kwa kusubiri. Inataka kizuizi, kufuli na ratiba. Kosa la kawaida ni kugeuza mambo: watu hupaka rangi haraka juu ya unyevu uliohitaji miezi miwili, halafu vumbi, ambalo lingezuiwa mchana mmoja, wanalivumilia mwaka mzima.

Chini ya kila dalili, chanzo kinachoonekana sana kinatangulia na cha nadra kinafuata. Anza na ukaguzi usiohitaji kubomoa kitu.

Ukuta unatoa jasho, una madoa meusi, chumba kinanuka uvundo

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila aliyehamia mapema, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Jamvi (zege la chini ya sakafu), ukuta na plasta vyote vimejengwa kwa maji. Simenti hutumia sehemu ya maji hayo kukaza. Yanayobaki hayana pa kutokea ila kwenye hewa ya chumba unacholala. Kwa sakafu ya simenti mafundi hukadiria siku 1 kwa kila milimita 1, kwa milimita 50 za mwanzo, tena madirisha yakiwa wazi. Sakafu ya milimita 50 basi inataka wiki 7 hivi kabla ya kutandikwa zulia la plastiki au mbao. Ikiwa nene zaidi ya hapo, kila milimita ya ziada huchukua muda mrefu kuliko ile ya kwanza.

Kabla ya kumlaumu mtu, fanya kipimo cha nailoni. Kata kipande angavu cha sentimita 50 kwa 50, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasiachwe upenyo, kiache saa 24. Matone yakiwa ndani ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa nje, upande wa chumba, ukuta hauna hatia: ni mvuke wa pumzi, mapishi na nguo zilizoanikwa ndani.

Vyanzo, kwa mpangilio:

1. Maji ya ujenzi. Unyevu umeenea ukuta mzima na unapungua wiki hadi wiki. Fungua madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite, sogeza kabati na kitanda sentimita 10 kutoka ukutani, na usilaze godoro moja kwa moja sakafuni.

2. Mvuke wa ndani. Madoa yako kwenye pembe za juu, nyuma ya kabati, na chini ya bati lisilo na dari. Pika karibu na dirisha lililo wazi na anika nguo nje.

3. Mvua inayoingia palipoachwa. Unyevu unakuja baada ya mvua, upande ule ule unaopigwa na upepo. Tazama pembezoni mwa fremu za madirisha, na matundu ya jukwaa la mafundi ambayo hayakuzibwa. Tundu la mti wa jukwaa likifichwa kwa plasta tupu bila kujazwa kipande cha tofali na udongo wa simenti, hupitisha maji miaka mingi.

4. Bomba linalovuja ndani ya ukuta. Doa linakua liwe jua au mvua. Funga bomba zote jioni, weka alama kwenye kiwango cha maji ya tangi au andika namba za mita, kisha tazama asubuhi. Kiwango kikiwa kimeshuka na hakuna aliyetumia, pana uvujaji.

5. Maji yanayopanda kutoka ardhini. Utaona mkanda wa unyevu unaoanzia sakafuni, mara nyingi usiozidi mita 1, na ukingo wake wa juu una chumvi nyeupe. Kwenye nyumba inayojengwa usikimbilie kusema karatasi ya kuzuia unyevu, ile inayolazwa kati ya msingi na ukuta, haikuwekwa. Toka nje kwanza, uangalie kama kuna lundo la mchanga au kifusi limeegemezwa kwenye ukuta huo. Udongo wa nje unatakiwa uwe chini ya karatasi hiyo kwa sentimita 15 angalau. Lundo likiupita huo mstari, unyevu unaruka kizuizi na kuingia ndani. Kulihamisha kunachukua saa 2 na sepetu.

Unga mweupe unaojitokeza kwenye tofali au plasta ni chumvi iliyoletwa juu na maji. Ukwangue kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji, chumvi inayeyuka, inarudi ndani ya ukuta na kutokeza tena ukuta ukikauka.

Madoa meusi ni kuvu. Vaa barakoa na glavu, futa kwa maji ya sabuni, kausha. Dawa ya klorini usiichanganye kamwe na siki wala sabuni nyingine kali, kwa sababu mvuke wake ni sumu. Kuvu likienea zaidi ya mita 1 ya mraba, au likirudi ndani ya wiki 2 baada ya kufutwa, chanzo cha maji bado kipo. Mwite mtaalamu wa unyevu kabla hujanunua rangi.

Na kuhusu rangi: plasta mpya ipe wiki 4 angalau, na zaidi msimu wa mvua. Simenti mbichi ina nguvu ya magadi, na rangi ya mafuta ikipakwa juu yake hugeuka kitu kama sabuni, ikatoka maganda. Kama huvumilii ukuta mtupu, paka koti moja jepesi la rangi ya maji, inayopitisha hewa. Koti la mwisho lisubiri.

Nyufa

Usizizibe siku unayoziona. Ufa uliozibwa hauwezi tena kukueleza kitu. Chukua penseli, weka kistari kwenye kila ncha ya ufa, andika tarehe pembeni, pima upana mahali palipo papana zaidi, kisha rudi baada ya wiki 2, na tena baada ya mwezi.

Nyufa nyembamba kama unywele, zinazokatana kama ramani, ni za plasta iliyokauka upesi: haikumwagiliwa, au ilipigwa juani, au simenti ilizidi. Hizi ni za uso tu. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Ukisikia sauti nzito, plasta imeshika. Subiri ikauke, piga skimu (koti jembamba la kulainisha ukuta). Ukisikia mlio kama wa debe tupu, plasta imeachana na tofali. Sehemu hiyo ikiwa juu ya kitanda, hamisha kitanda leo, kwa sababu pande la plasta la upana wa meza ni mzigo wa kumuumiza mtu. Likatwe kwa mistari iliyonyooka mpaka kwenye plasta iliyoshika, tofali lilowanishwe, lipigwe upya.

Ufa ulionyooka unaofuata mstari wa nguzo au linta (boriti ya zege juu ya mlango au dirisha) umetokana na vitu viwili visivyojongea sawa, zege na tofali. Fundi alitakiwa kuweka wavu mwembamba juu ya kiungo kabla ya plasta. Bado inawezekana: bandua plasta upana wa sentimita 20, pigilia wavu, funika upya.

Ufa unaofuata njia ya bomba la waya unaonyesha mtaro uliochimbwa kina kupita kiasi au uliojazwa mara moja bila kushindiliwa. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mtaro wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu ya sita. Ukiona fundi umeme anachimba mtaro mrefu wa mlalo katikati ya ukuta mwembamba unaobeba mzigo, msimamishe kabla hajamaliza. Kuuzuia ni neno moja. Kuutibu ni kubomoa.

Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha na kushuka kama ngazi kwenye maungio ya matofali ndio wa kutazamwa kwa makini. Huenda linta ni fupi. Inapaswa kukalia ukuta sentimita 15 kila upande angalau. Huenda msingi umekaa upande mmoja, hasa pale maji ya bafu la muda au ya kuoshea vyombo yanapomwagwa pembeni mwa ukuta huo kila siku. Hamisha maji hayo kwanza, halafu endelea kupima.

*Simama, mwite mhandisi:* ufa ukifika milimita 5, au ukiwa unaonekana pande zote mbili za ukuta, au upande mmoja umejitokeza kuliko mwingine ukipitisha kidole, au unarefuka kila unapoupima, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri umeanza kukwama siku hizo hizo. Mwite mhandisi asiyehusika na ujenzi huo. Aliyeijenga ana sababu nyingi za kusema ni plasta tu. Ukisikia milio ya kupasuka, au dari ya zege ikaonekana imebonyea, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Wanaoishi chini ya ghorofa inayoendelea kujengwa wana jambo lao. Mirunda inayoegemeza zege la juu hukera, inazuia makochi, na kila mtu anatamani iondoke. Zege huhesabiwa kufikia nguvu iliyokusudiwa kwa siku 28. Kwa urefu gani kati ya kuta na baada ya siku ngapi mrunda upi utolewe, hilo anasema mhandisi. Mwenye nyumba haamui kwa kuhesabu siku kichwani. Hata baada ya mirunda kutoka, usikubali mifuko ya simenti irundikwe katikati ya chumba cha juu. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani nzima mahali pamoja, juu ya kichwa chako.

Breka inaanguka, soketi ina joto, bomba linapiga shoti

Tazama kwanza ni kipi kilichoanguka. Breka ndogo ya mzunguko mmoja huanguka kwa sababu ya mzigo mkubwa au nyaya zilizogusana. Ile kubwa yenye kitufe cha T huanguka umeme unapovujia ardhini, na kwa ya majumbani huwa imewekwa kuhisi miliampea 30, kiasi kidogo sana. Kama ubao wenu hauna kifaa chenye kitufe hicho na kuna watu wanachanganya zege kwa mashine ya umeme, kifungwe kabla ya kazi kuendelea.

Utafutaji uko hivi. Chomoa kila kitu, pamoja na zana za mafundi, ukihakikisha umeufuata kila waya mpaka mwisho wake. Zima breka zote ndogo, washa kubwa. Washa ndogo moja moja ukisubiri kidogo kati yake. Itakayoangusha wenzake ndiyo yenye tatizo. Zote zikisimama, nyumba ni nzima na mkosaji ni kifaa. Vichomeke kimoja kimoja.

Katika nyumba inayojengwa utakuta, kwa mfululizo huu: ekstensheni ya fundi iliyolala kwenye maji au ganda lake limekatwa na bati, vifaa vingi kwenye soketi moja, yaani hita, pasi na grenda vikivuta pamoja, boksi la soketi lililojaa plasta mbichi, msumari au drili iliyopita kwenye waya ukutani (jiulize ni nini kilitundikwa siku ile tatizo lilipoanza), na maungio ya darini yaliyosokotwa na kufungwa tepu bila kiunganishi.

Ekstensheni ya kuviringisha ifunguliwe yote kabla ya kuvuta mzigo mkubwa. Ikibaki imejiviringa, joto halina pa kutokea na ganda la waya huyeyuka ndani kwa ndani, nje ukiona shwari. Kigusie kiganja kichwa cha ekstensheni baada ya nusu saa ya kazi: vuguvugu kidogo ni kawaida, lakini kikikufanya uondoe mkono, kimezidiwa.

Usibadilishe breka kwa kubwa zaidi ili isianguke. Kazi yake ni kuulinda waya; ukiikuza, waya ulio ndani ya ukuta ndio utakaoungua badala yake.

*Simama hapa:* ukihisi mtekenyo au shoti kwenye bomba la maji, sinki, kitasa cha chuma au mwili wa friji, usiguse mara ya pili kuhakikisha. Zima meni swichi ukiwa umevaa viatu vikavu, waambie wote ndani, na mwite fundi umeme mwenye leseni. Ama waya wa ethi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haujaunganishwa, ama umeme umefika mahali usipostahili. Vivyo hivyo ukinusa plastiki inayoungua au kuona soketi imebadilika rangi. Mtu akinaswa, kata umeme kwanza. Ukimshika mnanaswa wawili.

Kichwa kinauma asubuhi, wote mna kikohozi, macho yanawasha

Vichwa vikiwauma watu zaidi ya mmoja, vikiambatana na kichefuchefu au kizunguzungu, na vikapungua mkitoka nje, tokeni sasa hivi. Hiyo ni dalili ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Chanzo ni jenereta iliyowekwa barazani kwa kuogopa wezi, au jiko la mkaa ndani. Kuna tabia ya kuwasha mkaa katika chumba kilichofungwa ili plasta ikauke upesi, kisha watu wakalala chumba cha jirani. Gesi hupita chini ya mlango, na juu ya kuta kama dari haijawekwa. Jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha lolote, moshi ukitazama mbali na nyumba. Aliyezidiwa apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Kichwa kinachouma tu katika chumba kilichopakwa rangi ni cha mvuke wa rangi. Lala kwingine mpaka harufu iishe.

Kikohozi na macho ni vumbi. La kukata vigae, matofali na zege lina chembe za silika ambazo huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Kitambaa cha kufunga puani hakizichuji. Zinahitaji barakoa ya kiwango cha N95 au FFP2. Ukataji wote ufanyike nje, kwa maji yanayotiririka kwenye msumeno. Mlango kati ya sehemu mnayoishi na ya ujenzi tundika nailoni mbili nzito kutoka juu mpaka sakafuni, zipishane nusu mita, ncha za chini zilaliwe na ubao. Usifagie kavu, kwani ufagio hurudisha vumbi hewani likaelea saa nyingi. Nyunyizia maji au futa kwa tambara bichi. Viatu vya ujenzi viishie kwenye nailoni.

Simenti mbichi ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, kope zikiwa zimeshikwa wazi, halafu hospitali. Kwenye ngozi huchoma polepole, na maumivu huchelewa kuja. Mtoto aliyekanyaga zege bichi pekupeku aoshwe palepale, asisubiri alalamike.

Choo kinanuka, maji yanashuka polepole

Harufu kwanza. Mwaga ndoo ya maji kwenye kila tundu la sakafu, hasa la bafu ambalo halijaanza kutumika. Kona ya bomba yenye umbo la U hutakiwa kubaki na maji ya kuziba hewa chafu, na tundu lisilotumika wiki kadhaa hukauka. Harufu ikiendelea, tafuta midomo ya mabomba iliyoachwa wazi ikisubiri sinki. Izibwe kwa vifuniko vyake. Tambara hupitisha harufu na mende, na siku moja husukumwa ndani. Tatu, sikiliza: ukivuta maji chooni na tundu la bafu likagugumia, mfumo hauna bomba la kupumulia, au lipo lakini mdomo wake haujatolewa juu ya paa. Mwisho ni bakuli la choo kutoshikwa vizuri sakafuni.

Maji kushuka polepole kuna mkosaji mmoja mkuu: maji ya kuoshea ndoo za simenti na vigae, yaliyomwagwa kwenye tundu la bafu. Simenti huganda hata ndani ya maji. Maji ya moto wala tindikali haviifungui. Kipande hicho cha bomba hukatwa na kubadilishwa. Kwa hiyo weka pipa moja nje la kuoshea zana, liache litulie, umwage maji ya juu penye udongo mtupu na utupe tope lililoganda pamoja na kifusi. Kama hakuna simenti, fungua chemba na uangalie mteremko: bomba la milimita 100 linataka kushuka sentimita 2.5 hivi kwa kila mita 1. Fundi mwenye pimamaji hukagua hilo kwa dakika 10.

*Usiingie shimoni.* Asiingie mtu yeyote ndani ya shimo la choo au tangi la maji taka, hata jipya lililokwisha kutumika siku chache, kutoa ndoo iliyodondoka au kukagua. Gesi yake humwangusha mtu kwa dakika chache, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Ita wenye vifaa. Na shimo ambalo halijapata mfuniko wa zege lizungushiwe uzio. Bati lililolazwa juu ni mtego tu.

Bomba linatema, maji ni hafifu au machafu

Bomba moja tu likiwa hafifu, fungua kichujio cha mdomoni. Utakuta mchanga na nyuzi za plastiki zilizobaki mabomba yalipokatwa. Suuza, rudisha. Zikiwa hafifu zote, angalia koki kuu: mara nyingi fundi ameifunga nusu akaisahau. Kisha pima kimo. Kila mita 1 kutoka maji ya tangi hadi bomba inatoa shinikizo la baa 0.1 tu, tangi lililo mita 2 juu ya bafu litatiririsha, halitamwaga kwa nguvu, na hita ya papo kwa papo huenda isiwake kabisa. Kabla ya kuliinua tangi, kumbuka lita 1,000 zina uzito wa tani 1. Mnara au zege la kulibeba lihesabiwe na mtu anayejua.

Maji machafu siku za mwanzo: fungua bomba la mbali zaidi dakika 10, osha tangi. Pipa lililochanganyia simenti lisirudi jikoni hata likisuguliwa.

Mitaro ya mabomba isizibwe kabla ya mabomba kujazwa maji kwa shinikizo na kuachwa hivyo usiku mmoja. Fundi anayetaka kupiga plasta kwanza, akisema "atapima baadaye", anakuomba ulipie kubomoa.

Paa linavuja

Linadondosha mvua ikinyesha, au alfajiri bila mvua? La alfajiri ni mvuke wa ndani uliogonga bati baridi. Rudi kwenye dalili ya kwanza.

La mvua: mahali panapodondoka si lazima pawe chini ya tundu, kwa kuwa maji hutembea juu ya papi (mbao zinazoshikilia bati) kabla ya kuanguka. Panda darini na tochi mvua ikinyesha, fuata njia ya maji kwenda juu. Vyanzo: misumari au skrubu zilizokazwa mpaka mpira ukapasuka, au zilizolegea, mfereji wa pembe ya ndani uliojaa vipande vya mbao na mifuko, maungio ya bati yaliyolaliana kidogo, kofia ya mgongo wa paa isiyofika, na mahali bati linapokutana na ukuta, ambapo simenti tupu imepakwa badala ya kipande cha bati kilichochomekwa ukutani. Bila mvua, tumia mpira wa maji ukianzia chini kwenda juu, dakika 10 kila eneo, mwingine akiwa ndani. Ukianzia juu utalowesha kila kitu na usijue lolote.

Dari ya jipsamu ikifura kwa maji, zima umeme wa chumba hicho, weka ndoo, simama pembeni, toboa tundu dogo kwa bisibisi ili maji yatoke pole pole. Juu ya bati lililolowa usipande. Likiwa kavu, kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwani chini yake ndipo papi zilipo.

Mengineyo

Ngazi isiyo na kizuizi, tundu la sakafu, nondo zilizochomoza: haya hayana cha kuchunguza. Ubao wa mkono kwenye kimo cha mita 1 na mwingine katikati, ubao uliopigiliwa juu ya tundu, na chupa za plastiki au vifuniko kwenye kila ncha ya nondo, siku hiyo hiyo.

Mbu wakizidi, tafuta mapipa ya maji ya ujenzi na vidimbwi vya kumwagilia zege. Yai hufika kuwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10 penye joto, hivyo funika mapipa au yamwage na kuyasugua kila wiki.

Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ni mchwa. Vunja kimoja, kikijengwa tena baada ya siku chache, wamo. Mara nyingi wameitwa na vipande vya mbao za kusetia vilivyofukiwa chini ya jamvi au kurundikwa nyuma ya nyumba. Toa mbao kwanza, kisha dawa ya udongo ipigwe na mtaalamu, kwa kuwa mnaishi ndani.

Mlango unaokwama peke yake, bila ufa karibu yake, umevimba kwa unyevu wa plasta. Fundi atataka kuuranda mara moja. Mzuie. Paka vanishi ncha za juu na chini ambazo kwa kawaida husahauliwa, vumilia mpaka kuta zikauke. Ukirandwa sasa, kuta zikikauka utarudi kama ulivyokuwa na kuacha upenyo wa kupitisha kidole, na hapo hakuna randa inayorudisha mbao.